Mlio unaosimamisha treni katika ukungu wa Limuru

MTU akitaka kujua maana ya baridi katika nchi hii yetu iliyopitiwa na ikweta, basi na apande matatu jijini Nairobi asubuhi moja ya mwezi wa Julai na kuelekea Limuru. Safari yenyewe si ndefu, ni kama kilomita 30 hivi. Ukipita Kangemi, jua bado lina nia ya kutoka. Ukifika Kinoo, abiria wanaanza kufunga madirisha. Ukipita Muguga na kukaribia Rironi, dereva anawasha taa ingawa ni saa tatu za asubuhi, na barabara iliyo mbele yake inakuwa kama shuka jeupe lililotundikwa na mtu.

Wenyeji wa huku huita majira haya gathano. Kwa wiki kadhaa jua huonekana kwa nadra, nguo zilizofuliwa hukataa kukauka, na ng'ombe hutoa mvuke puani kama birika. Majani ya chai, ambayo yalipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903, huyapenda sana majira haya. Binadamu huvumilia tu.

Sikuja Limuru kuangalia chai. Nilikuja kumtembelea mzee mmoja aliyefanya kazi ya gadi katika magari ya moshi kwa miaka mingi, aniambie jinsi watu wa reli walivyokuwa wakisafiri salama katika ukungu kama huu. Dereva wa matatu akishindwa kuona, anaweza kusimama kando ya barabara. Dereva wa treni hana kando. Ana reli mbili tu, na mzigo wa mamia ya tani unaomsukuma kutoka nyuma.

Nilimkuta mzee akinisubiri karibu na stesheni, amevaa koti zito na kofia ya sufu, na kando yake mjukuu wake wa kiume aliye Gredi ya Saba.

"Karibu, mwanangu," akaniambia huku akinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umechagua siku nzuri. Leo hata stesheni yenyewe huioni mpaka uigonge kwa pua."

Hakuwa akitia chumvi. Tulisimama mahali ambapo reli inapinda kuelekea Uplands, na mbele yetu niliweza kuhesabu mataruma 20 au 25 hivi. Baada ya hapo palikuwa na weupe mtupu.

Reli inayopanda mbinguni

Ili msomaji aelewe kwa nini mahali hapa paliwapa watu wa reli wasiwasi, hana budi kuikumbuka ramani. Reli ya kwanza nchini ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na mwishoni mwa mwaka wa 1901 ikafika ufukoni mwa Ziwa Victoria, mahali ambapo leo ni Kisumu. Kutoka pwani, treni hupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi ndefu. Inapoondoka Nairobi ngazi hiyo inakuwa kali. Kwa umbali mfupi tu inapanda zaidi ya mita 600 kupitia Kikuyu na Limuru hadi Uplands, halafu ghafla ardhi inakatika. Chini kuna Bonde la Ufa.

Mahandisi walipofika ukingoni hapo walilazimika kwa muda kuteremsha mabehewa kwa kamba kwenye reli zilizolala ubavuni mwa mlima, kabla ya njia ya kudumu kukamilika. Leo reli hujikunja na kujikunjua kutoka Uplands hadi Kijabe, ikikata milima na kuruka makorongo. Kona ni nyingi, mteremko ni mkali, na hewa yenye unyevunyevu inayopanda kutoka bondeni ikikutana na baridi ya juu hugeuka ukungu.

"Mvua hainitishi," mzee aliniambia tulipoanza kutembea kurudi nyumbani kwake. "Usiku haunitishi. Usiku ukiwa mweusi, taa inaonekana mbali. Lakini ukungu, mwanangu, unaimeza taa. Unaweza kupunga taa nyekundu mbele ya dereva, naye asiione mpaka amekufikia. Ndiyo sababu wakatupatia kitu ambacho dereva hahitaji kukiona. Anakisikia."

Kitu hicho ndicho fataki ya reli.

Kopo la rangi ya viatu

Nyumbani, baada ya mkewe kutukaribisha kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, nilimuuliza kama angeweza kunionyesha moja. Mzee alicheka.

"Fataki? Hapana! Zile zilikuwa za kuhesabiwa. Ukipewa kumi, unaandika kumi. Ukirudisha tisa, unaeleza ya kumi iko wapi. Hakuna gadi aliyeweka fataki nyumbani akalala usingizi."

Hata hivyo alimtuma mjukuu wake alete kopo tupu la rangi ya viatu. Mzee akakata vipande viwili vya bati jembamba, akavipitisha chini ya kopo lile, kimoja huku na kimoja kule, kama mikono. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba penye kipande cha chuma cha reli ambacho hukitumia kunolea panga na kunyooshea misumari.

"Sasa tazameni," akasema, naye akaliweka kopo juu ya kichwa cha reli na kuikunja ile mikono ya bati chini yake pande zote mbili. Kopo likakaa imara kama kupe juu ya ng'ombe.

Naam, hivyo ndivyo ilivyo. Fataki ya reli ni kopo dogo la chuma, bapa na la mviringo, lisilozidi kiganja cha mkono. Ndani yake mna baruti na vifusho vidogo vinavyolipuka vikigandamizwa. Mikono yake hutengenezwa kwa madini laini ya risasi ili iweze kukunjwa kwa vidole bila nyundo, hata na mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi. Gurudumu la treni likiikanyaga, uzito wake huibonyeza baruti, na mlio unaotoka ni mkubwa kiasi cha kusikika juu ya ngurumo ya injini. Haiharibu reli wala haidhuru gurudumu. Kazi yake ni kusema neno moja tu: Simama!

"Sasa, guka, kwa nini mliweka tatu na si moja?" mjukuu akauliza.

"Kwa sababu moja inaweza kuwa na unyevu ikakataa kulia," mzee akamjibu. "Tena dereva akisikia mlio mmoja anaweza kujiuliza, je, ni jiwe? Ni mtoto mtundu? Akisikia mitatu mfululizo, pu! pu! pu! hajiulizi tena. Anakamata breki."

Hiyo ndiyo sababu pia fataki hupigwa chapa ya mwaka iliotengenezwa. Baruti huzeeka kama binadamu. Zile zilizokaa sana hutolewa na kujaribiwa, kwa maana fataki iliyonyamaza ni mbaya kuliko kutokuwa na fataki kabisa. Mtu ameiweka na kuiamini.

Zilikotoka

Kifaa hiki hakikubuniwa na jeshi wala na wachimba migodi. Kilibuniwa nchini Uingereza mwaka wa 1841 na Edward Alfred Cowper, kijana wa miaka 21 tu wakati huo. Reli za abiria zilikuwa bado changa, na jiji la London lilikuwa likisifika kwa ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Ukungu huo ulikuwa wa rangi ya manjano, ukanuka, na ukamfanya mtu akose kuiona mikono yake mwenyewe.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Waingereza walikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa ukungu. Ukungu ukiteremka usiku, wafanyakazi wa kutengeneza njia waligongewa milango, wakatolewa vitandani na kupelekwa kila mmoja kwenye mlingoti wake wa ishara. Huko palikuwa na kibanda kidogo na jiko la makaa. Mkono wa ishara ukiwa umesema "tahadhari", mtu huyo aliweka fataki juu ya reli. Ishara ikibadilika kuwa "pita", aliiondoa mbio. Alifanya hivyo usiku kucha, treni baada ya treni, akiwa peke yake.

Mwezi wa Desemba 1952 jiji la London lilifunikwa na ukungu wa moshi kwa siku tano, na maelfu ya watu wakafa kwa maradhi ya kifua. Miaka minne baadaye ikatungwa sheria ya kusafisha hewa. Lakini ukungu haukuisha mara moja. Tarehe 4 Desemba 1957 katika eneo la Lewisham, London, treni moja iliigonga kwa nyuma nyingine iliyokuwa imesimama katika ukungu, na watu 90 wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo Waingereza waliharakisha kuweka mitambo ya kumwonya dereva ndani ya injini yake mwenyewe.

Kutoka Uingereza fataki zilisafiri hadi India, na reli yetu ilifuata nyayo hizo. Upana wake wa mita moja uliigwa kutoka India, na kutoka huko walikuja zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 walioijenga, ambapo karibu 2,500 walikufa. Katika nyanda za kaskazini mwa India, ambako ukungu wa Desemba na Januari huchelewesha treni kila mwaka, kanuni za reli ya upana wa mita moja humtaka anayeilinda treni iliyokwama aweke fataki moja umbali wa mita 400, kisha aendelee mpaka mita 800 na kuweka tatu zilizoachana mita kumi kumi.

Nilipomsomea mzee maneno hayo kutoka daftari langu, alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Moja katikati, tatu mwisho," akasema. "Ndivyo tulivyofunzwa. Kusema ni rahisi. Sasa ngoja nikwambie kutembea kwake."

Hatua elfu moja

Ilikuwa Julai ya mwaka wa 1974. Treni yao ya mizigo iliondoka Nairobi jioni ikielekea Nakuru. Walipita Limuru, wakapita Uplands, wakaanza kuteremka kuelekea Kijabe mwendo wa saa saba za usiku. Ukungu ulikuwa umeshika kila mahali. Ghafla injini ikafa. Dereva alijaribu alivyojua, lakini wapi. Msaidizi wake akatumwa aende kwa miguu hadi Kijabe akapeleke habari ili injini ya kuwavuta itumwe.

Mzee, ambaye wakati huo alikuwa kijana aliyekuwa ameoa mwaka huo huo, alikuwa katika behewa la mwisho. Wajibu wake ulikuwa kurudi nyuma, kupanda mlima kuelekea Uplands, na kuilinda treni.

"Kuilinda dhidi ya nini?" nikamuuliza. "Si njia ilikuwa imefungwa? Treni nyingine isingeruhusiwa kuingia."

"Treni nyingine, la," akajibu. "Lakini je, injini ya kutusaidia? Hiyo ndiyo ingeingia. Nayo ingetoka juu, ikiteremka, reli zikiwa zimelowa kama sabuni. Mwanangu, katika ukungu anayekuja kukuokoa ndiye anayeweza kukumaliza."

Akachukua taa yake na kopo lake la fataki, akaanza kutembea. Hakuhesabu nguzo za simu. Mwalimu wake, gadi mzee aliyemfunza kazi, alikuwa amemwonya kwamba nguzo hudanganya, kwani penye kona husimikwa karibu karibu. Alihesabu hatua zake mwenyewe. Alipofika hatua 500 akainama, akafunga fataki ya kwanza.

"Nikasimama," akasema, na hapo sauti yake ikapungua. "Nitakwambia ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumdanganya. Nilisimama pale nikafikiri, hii inatosha. Baridi ilikuwa imeingia mpaka mifupani. Fisi walikuwa wakilia upande wa msitu. Behewa langu lilikuwa na jiko. Hakuna mtu aliyekuwa akiniona. Ningerudi, nikaota moto, na asubuhi ningeandika katika ripoti kwamba nimeweka zote mahali pake. Nani angepima?"

Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi kando yetu, aliinua macho akamtazama. Sijui kama alikuwa amepata kuisikia sehemu hiyo.

"Niligeuka kurudi. Nilitembea labda hatua ishirini. Halafu nikamkumbuka dereva wangu. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanane. Alikuwa ameketi kule mbele gizani akiamini kwamba nyuma yake kuna gadi. Nikaona aibu. Nikageuka tena, nikapanda."

Alifika hatua 1,000. Akafunga fataki tatu, moja baada ya nyingine, akasimama kando na taa yake nyekundu. Alikaa hapo zaidi ya saa mbili. Alisema kwamba alikuwa akiruka ruka kama mtoto ili miguu isife.

Kumbe habari iliyofika stesheni haikuwa sawasawa. Dereva wa injini ya msaada alikuwa ameambiwa kwamba treni iliyokwama iko chini zaidi, karibu na Kijabe. Kwa hiyo alikuja akiteremka bila wasiwasi mkubwa.

"Niliisikia kabla ya kuiona. Nikapunga taa. Haikupunguza mwendo hata kidogo. Taa yangu hawakuiona kabisa! Ikanipita hapa," akasema huku akionyesha umbali wa mkono. "Halafu pu! pu! pu! Nikasikia breki zikilia. Lakini haikusimama. Ikaendelea kuteleza, ikapotea katika ukungu. Nikabaki nimeshika taa, nikisubiri kusikia chuma kikigonga chuma. Mara nikasikia ya nne ikilia."

Ya nne ilikuwa ile ya katikati, ile ya hatua 500. Injini ilikuwa imekanyaga breki kwa nusu ya njia na bado ilikuwa ikitembea.

Kisha pakawa kimya.

Mzee aliteremka mbio, akaikuta injini imesimama. Kutoka hapo hadi behewa lake alihesabu hatua tena. Zilikuwa 120.

"Sasa piga hesabu," akamwambia mjukuu wake. "Injini ilihitaji hatua ngapi kusimama?"

Kijana akafikiri. "Elfu moja toa mia moja na ishirini. Ni mia nane na themanini, guka."

"Na kama ningeridhika na ile moja ya hatua mia tano?"

Kijana hakujibu. Sote watatu tulitazama kile kipande cha reli na kopo la rangi ya viatu juu yake.

Nguzo zilizodanganya

Nilimsimulia mzee kisa ambacho nadhani wanafunzi wengi hawakijui, ingawa mhusika wake wanamjua kwa vitabu vyake. Tarehe 9 Juni 1865, karibu na Staplehurst katika jimbo la Kent, Uingereza, mafundi walikuwa wakibadilisha mbao za daraja dogo juu ya Mto Beult. Walikuwa wameng'oa kipande cha reli. Treni iliyotazamiwa ilikuwa ile iliyowaleta abiria wa meli kutoka Folkestone, na saa yake ilibadilika kila siku kufuatana na maji kujaa na kupwa. Msimamizi alisoma ratiba vibaya, akadhani treni ingefika kiasi cha saa mbili baadaye.

Kanuni ilimtaka mwenye bendera asimame yadi 1,000 kutoka darajani, na njiani kuwekwe fataki. Mwenye bendera alihesabu nguzo za simu kumi, akasimama. Nguzo zile zilikuwa zimesimikwa karibu karibu kuliko kawaida, na kumbe alikuwa umbali wa yadi 554 tu. Alikuwa na fataki mbili. Hakuziweka. Alikuwa ameambiwa kwamba hizo ni za siku ya ukungu, na siku ile ilikuwa angavu.

Treni ilishindwa kusimama. Mabehewa yakatumbukia mtoni, watu kumi wakafa na wengine 40 wakajeruhiwa. Katika behewa moja la daraja la kwanza, lililobaki likining'inia, alikuwamo mwandishi Charles Dickens. Alitoka, akawahudumia majeruhi kwa maji aliyoyateka kwa kofia yake, kisha akarudi ndani ya behewa kuuchukua mswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika. Tangu siku hiyo aliogopa kusafiri kwa treni. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, siku ile ile, miaka mitano baadaye.

Mzee alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema maneno mawili tu: "Nguzo hudanganya."

Mahali pasipo na mtu

Isidhaniwe kwamba fataki ni dawa ya kila kitu. Wasomaji wenye umri watakumbuka usiku wa Januari 30, 1993, wakati daraja la Mto Ngai Ndethya karibu na Mtito Andei lilipodhoofishwa na mafuriko na treni ya abiria ya usiku ikatumbukia. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Ni msiba ambao mzee hakupenda kuuzungumzia kwa kirefu.

"Fataki haina miguu," alisema. "Lazima kuwe na mtu aliyeliona lile tatizo, na mtu huyo afike mbele ya treni. Mto ukibeba daraja usiku na hapana mtu, hata uwe na sanduku zima la fataki stoo, litakusaidia nini?"

Siku hizi redio na simu zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Dereva aliyekwama anaweza kuzungumza na wakubwa wake papo hapo. Treni ya abiria ya usiku ya kale kati ya Nairobi na Mombasa ilikwisha mwaka wa 2017 ilipoanza ile ya reli mpya, na mwaka wa 2019 reli hiyo mpya ilifika upande wa Naivasha kwa kupitia Ngong, bila kuugusa mji wa Limuru. Hata hivyo reli ya zamani ingalipo, na mwishoni mwa mwaka wa 2021 abiria walianza tena kusafiri kwa njia hiyo hadi Kisumu.

Kuna jambo moja ambalo mzee alinisihi niwaambie wazazi na watoto, hasa wanaoishi kando ya reli. Mtoto akiona kikopo cha chuma kimefungwa juu ya reli, au akikiokota kando yake, asikiguse, asikigonge kwa jiwe, asikipeleke nyumbani wala asikitie motoni. Katika nchi mbalimbali watoto wamepoteza vidole na macho kwa sababu ya kuchezea vikopo hivyo. Aidha aliyekiweka hapo alikuwa na sababu. Kukiondoa ni sawa na kumziba mdomo mtu anayepiga mayowe ya moto.

Mstari mmoja

Jioni ilipokaribia, mzee na mjukuu wake walinisindikiza hadi stendi ya matatu. Ukungu ulikuwa umezidi. Wauza mboga walikuwa wamewasha taa zao mapema, na watu walipitana njiani wakisalimiana kwa sauti kabla ya kutambuana kwa sura.

Kabla ya kuagana nilimuuliza kama alipata zawadi yoyote kwa kazi aliyoifanya usiku ule wa 1974.

"Zawadi ya nini?" akashangaa. "Hakuna kilichotokea. Ajali ikitokea, magazeti yanaandika. Isipotokea, nani ataandika?"

Akanieleza kwamba asubuhi ile, baada ya treni kuvutwa hadi Nakuru, aliketi na kujaza fomu yake kama kawaida. Saa ya kusimama. Saa ya kuondoka. Sababu ya kuchelewa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa kuonyesha vifaa alivyotumia, ili vikatwe katika hesabu yake. Ni hapo tu ambapo usiku ule uliandikwa, kwa mkono wake mwenyewe uliokuwa bado unatetemeka kwa baridi:

"Fataki: 4."

Matatu yetu iliondoka polepole, taa zikiwa zimewashwa, dereva ameinama juu ya usukani akichungulia. Hapakuwa na abiria aliyemhimiza aongeze mwendo.